Mshumaa wa nta ya nyuki unaozimika: jibu kwa msomaji wa Pongwe

Msomaji wa Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, ameniandikia barua ambayo naifupisha hivi: "Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu ni mrina asali wa Handeni, kanipa nta kilo tatu, mabonge meusi. Nimeiyeyusha kwenye karai la chuma juu ya mkaa, nikamimina kwenye vikombe vya plastiki, utambi nikatia uzi wa katani kwa sababu ndio uliopo huku. Mshumaa unawaka kidogo, moto unanywea, unazama kwenye nta na kuzimika. Katikati pamebonyea shimo na rangi imekuwa ya udongo. Jirani yangu anasema nta ni feki, imechanganywa. Ni kweli? Na nikipatia, naweza kuuza?"

Marahaba mwanangu. Usimlaumu mjomba kwanza. Katika yote uliyoeleza sioni hata dalili moja ya nta feki. Naona utambi usiofaa, chombo kisichofaa na nta ambayo haijasafishwa. Mshumaa wako ungezimika hata kama nta ingekuwa imetoka mzingani jana mbele ya macho yako.

Lakini jirani keshakutia shaka, basi tuanze na hilo tulimalize. Chukua kipande cha nta kilichopoa vizuri ukivunje. Nta halisi hukatika kwa mkato wa chengachenga, hauwi laini wala haung'ai. Tafuna kidogo: husagika mdomoni na haing'ang'anii meno, wala haiachi utelezi wa shahamu. Isugue kwa kidole gumba. Nta ya nyuki hukamata kidole, parafini, ile nta ya mishumaa ya dukani, huteleza. Kipimo kizuri zaidi cha jikoni ni joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, wakati shahamu ya ng'ombe huwa imeyeyuka mapema sana, kabla hujafika hata 50. Weka kwangua la nta unayoitilia shaka kwenye kifuniko cha kopo, kieleeze juu ya maji, pasha polepole na kipimajoto kikiwa ndani ya maji. Ikianza kulegea na kutiririka kwenye 45, hapo jirani atakuwa na hoja. Parafini kidogo iliyochanganywa na mtu anayejua kazi yake itapita majaribio haya yote, na hiyo hugunduliwa maabara tu. Ila fikiri mwenyewe: anayechakachua nta huipa sura nzuri ili iuzike. Hawezi kukuletea mabonge meusi yenye mabaki ya majana, yaani watoto wa nyuki, na vipande vya gome la mti.

Sasa utambi, maana hapa ndipo kazi yote ilipo.

Watu wengi hudhani nta iliyoganda ndiyo inayowaka na utambi upo wa kushikia moto tu. Sivyo. Moto huyeyusha nta iliyo karibu yake, kikawa kidimbwi; utambi huinyonya nta hiyo ya maji na kuipandisha juu; kule juu joto huigeuza mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Utambi ukishindwa kunyonya, moto unakosa chakula, unanywea, na kidimbwi kinaufunika. Hiyo ndiyo hadithi ya mshumaa wako kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zaidi ya hapo, nta ya nyuki ikiyeyuka huwa nzito kuliko parafini ya mishumaa ya dukani, na inahitaji joto zaidi kuyeyuka. Kwa hiyo hata utambi wa pamba uliochomolewa kwenye mshumaa wa dukani utakuwa mwembamba mno kwa mshumaa wa nta ya nyuki wenye unene uleule.

Nafahamu kwa nini mkono wako ulikwenda kwenye katani. Mkoa huu umekuwa wa mkonge tangu 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche yake ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mpaka leo kila nyumba ina kipande cha kamba yake. Lakini nyuzi za mkonge ni nyuzi za jani, ngumu, zilizoumbwa kulibeba jani lile refu lisianguke. Zina nguvu ya kuvuta mzigo, hazina ulaini wa kunyonya. Na kamba ya kiwandani mara nyingi husokotwa kwa mafuta ili nyuzi zisikatike kwenye mashine; mafuta hayo huwaka kwa moshi na harufu mbaya. Kwa hiyo utaona katani inashika moto haraka, inawaka yenyewe kama kijiti, kisha inabaki kaa jeusi lisilopandisha nta. Ihifadhi, tutaitumia mahali pengine.

Unachotaka ni pamba tupu. Nenda sokoni, Mgandini au Ngamiani, uulize tambi za jiko la mchina. Hizo ni pamba, zinauzwa kwa bei ndogo, na zikifumuliwa zinatoa nyuzi za kutosha mishumaa mingi. Uzi wa pamba wa kufumia nao unafaa. Kabla hujanunua rundo, choma ncha: pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, lakini uzi ukijikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi, huo una nailoni au poliesta ndani, urudishe.

Kisha suka. Usisokote tu kama kamba, suka nyuzi tatu kama msuko wa nywele, na usuke kwa kukaza. Mfaransa aitwaye Cambacérès ndiye aliyeleta utambi wa kusuka mwaka 1825, na kabla yake watu walikaa na mkasi kando ya mshumaa wakikata masizi kila mara. Utambi uliosukwa hujipinda unapoungua, ncha yake ikatoka pembeni mwa moto ambako kuna hewa, ikateketea yenyewe. Uliosokotwa husimama wima katikati ya moto na kujenga kofia ya masizi.

Ukitaka kwenda hatua moja mbele, loweka utambi kabla ya kuutumia: kikombe kimoja cha maji ya moto, kijiko kikubwa kimoja cha chumvi na viwili vya boraksi. Boraksi wanayo masonara, ndiyo wanayotumia kuunganishia dhahabu. Muombe akuuzie kidogo, na uiweke mbali na watoto. Loweka usiku kucha, anika mpaka ukauke kabisa, siku mbili tatu maana hewa yetu ya pwani ina unyevu. Utambi wa namna hii huungua polepole na hauachi jivu jingi. Si lazima. Mshumaa wa kuwasha nyumbani umeme ukikatika utawaka bila boraksi.

Unene sasa. Hapa sikupi namba moja, kwa sababu uzi wa duka hili si uzi wa duka lile. Nakupa njia. Tengeneza mishumaa mitatu midogo yenye kipenyo cha sentimita 2.5, yote nta ileile, ila utambi wa kwanza uwe na nyuzi chache, wa pili zaidi, wa tatu nyingi. Iwashe pamoja ndani ya nyumba, mbali na dirisha, uiache kwa saa nzima na zaidi huku ukiitazama. Ule ambao moto wake umechimba shimo jembamba na kuacha ukuta wa nta pembeni, utambi wake ni mdogo. Ule unaotoa moshi, moto mrefu unaochezacheza, na nta inamwagika ubavuni, utambi wake ni mkubwa. Unaoutaka ni ule ambao kidimbwi kimefika karibu na ukingo na hakijaupita, na moto umetulia. Ukiupata, andika idadi ya nyuzi na jina la duka. Ukibadili unene wa mshumaa au nta ya msimu mwingine, unajaribu upya. Hakuna njia ya mkato hapa.

Utambi uliopatikana uchovye kwanza kwenye nta ya moto, uache viputo vya hewa vitoke, uutoe, uunyooshe kwa vidole ungali wa vuguvugu, ukauke umenyooka. Utambi mkavu uliowekwa moja kwa moja hushika moto kwa shida na mara nyingi huwa umepinda ndani ya mshumaa.

Hata hivyo, utambi bora kuliko wote utaziba kama nta ni chafu. Vumbi, chavua, maganda ya majana, asali iliyobaki, vyote hivi hupanda na nta na kuziba nyuzi za pamba. Na asali ikibaki ndani, mshumaa utatatarika na kurusha cheche.

Mabonge yako meusi yanatoka kwenye masega makuukuu, yale ambayo majana wamelelewa humo misimu kadhaa. Kila jana anayekua huacha utando wake ukutani, kwa hiyo sega jeusi lina uzito mwingi na nta kidogo. Usishangae kilo zako tatu zikigeuka mbili, au chini ya hapo. Mwambie mjomba siku nyingine akutengee masega ya asali peke yake, yale meupe na ya manjano. Asiyachanganye na ya majana.

Maji kwanza. Wewe uko Pongwe, umekaa juu ya mawe yaleyale ya chokaa yanayosagwa kiwandani kuwa saruji. Maji ya kisima cha huko yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo ikikutana na nta ya moto huifanya iwe kama povu lililoganda, yenye maji ndani yake, isiyotaka kutengana. Tumia maji ya mvua. Masika kinga pipa zima uweke akiba. Ukikosa kabisa, kamulia ndimu moja mbili kwenye sufuria. Asidi yake inasaidia, na inasaidia pia kung'arisha nta iliyoguswa na chuma.

La pili ni chombo. Lile karai la chuma ndilo lililokupa rangi ya udongo. Chuma hula nta na kuifanya ya kahawia, shaba huipeleka kwenye kijani. Sufuria ya alumini ya kawaida inatosha, au ya enameli isiyobanduka, au ya chuma kisichoshika kutu. Ila ukishaitumia kwa nta usiirudishe jikoni. Nunua ya mtumba, iandike, iwe na kazi hiyo moja.

Vunja mabonge vipande vidogo, yaloweke kwenye maji ya mvua usiku mmoja. Asali na vumbi jingi vitaachia. Sasa ile katani yako: tafuta gunia la katani, tia vipande hivyo ndani, funga mdomo kwa nguvu, lizamishe kwenye sufuria yenye maji na uweke jiwe juu lisielee. Pasha kwa moto wa wastani. Maji yasichemke kwa fujo, yawe ya moto ya kufukuta tu. Nta itapenya gunia na kuelea. Uchafu utabaki ndani. Ligandamize gunia kwa vijiti viwili, ligeuze, ligandamize tena, kama unavyokamua tui la mwisho kwenye machicha. Kisha litoe, epua sufuria, ifunike na kuizungushia magunia ipoe taratibu mpaka asubuhi. Upoaji wa haraka hukamata uchafu katikati ya nta, wa polepole huupa nafasi ya kushuka.

Asubuhi utakuta sahani ya nta juu ya maji machafu. Iinue, igeuze, na upande wa chini utaona tope la kijivu. Likwangue kwa kisu mpaka uone nta safi. Iyeyushe tena kwa maji mapya ya mvua na ndimu, mara hii ukichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, maana kanga ya pamba iliyofuliwa miaka mingi ina mfumo mzuri kuliko chujio la chai. Poza, kwangua. Rudia mara ya tatu ikibidi. Utajua imetosha ukiyeyusha kidogo kwenye bilauri na kuona kama chai ya rangi isiyo na chembe hata moja ikielea. Maji machafu yamwage shambani, usiyamwage kwenye mtaro wala sinki, nta ikiganda humo utamwita fundi bomba.

Usitarajie iwe manjano ya kwenye picha. Nyuki mchanga hutoa nta nyeupe kabisa, rangi huja baadaye kwa chavua na gundi ya nyuki, na kila pori lina rangi yake. Nta ya kahawia iliyo safi huwaka vizuri sawa na ya manjano. Ukitaka kuipausha, ikwangue vipande vyembamba uianike juani kwenye kitambaa cheupe, jua la asubuhi tu. La saa saba hapa Tanga litakuunganishia vipande vyote kuwa bonge. Na nyuki wa jirani watakuja kukusalimia, hiyo ni lazima.

Tuje kwenye kuyeyusha kwa ajili ya kumimina, maana hapa kuna hatari na nataka unisikilize. Nta haiwekwi juu ya moto moja kwa moja. Inawekwa kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji, sufuria ndiyo inayokaa motoni. Maji hayapiti nyuzijoto 100, kwa hiyo nta haiwezi kufika kwenye joto la kujiwasha yenyewe. Juu ya mkaa mtupu inaweza, na kabla ya hapo itakuwa imeungua na kupoteza ile harufu ya asali unayoitafuta. Ikipita 85 tayari inaanza kuwa nyeusi. Ikishika moto, usimwagie maji kamwe. Maji hugeuka mvuke ghafla chini ya nta na kuirusha ikiwaka mpaka darini. Funika kwa mfuniko wa sufuria au sinia, zima jiko, ondoka, usiibebe sufuria. Weka mfuniko huo karibu kabla hujaanza, siyo uanze kuutafuta. Watoto nje, na kanga yenye ncha zinazoning'inia ifungwe vizuri kiunoni. Nta ikikurukia kwenye ngozi, peleka chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usiivute ingali ya moto.

Mimina ikiwa kwenye 70 hadi 75. Kama huna kipimajoto, epua kopo usubiri mpaka uone utando mwembamba unaanza kushika ukingoni, hapo ndipo. Ukimimina ya moto sana, inanywea zaidi ikipoa, na hili ndilo jibu la shimo lako. Nta ikiganda hupungua ujazo. Sehemu ya nje inaganda kwanza, ya ndani inaendelea kunywea na kujivuta chini kuuzunguka utambi. Dawa yake ni mbili pamoja: pasha moto kidogo kalibu, yaani chombo cha kumiminia, kabla ya kumimina ili upoaji uwe wa taratibu, na bakiza nta ya kujazia. Juu pakianza kushika, toboa kwa kijiti kando ya utambi pande mbili, mimina nyongeza. Wengine huharakisha kwa kuweka kwenye friji au mbele ya feni. Ndivyo nyufa zinavyopatikana. Katika hili joto la pwani lipo upande wako, liache lifanye kazi.

Vikombe vya plastiki vya kunywea maji achana navyo, vinalegea kwa joto. Kalibu nzuri ziko uani. Mwanzi uliokauka, ukatwe kipande kati ya vifundo viwili, upasuliwe katikati kwa urefu, uloweke majini, kisha ufunge nusu mbili pamoja kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mshumaa ukiganda unafungua tu. Bua la jani la papai lina uwazi ndani na linatoa mshumaa mwembamba mzuri, nalo unalimenya baadaye na kulitupa. Bomba la maji la plastiki ngumu linafaa pia, lipake ndani maji ya sabuni, lipasuliwe upande mmoja na lifungwe. Utambi unapita chini kwenye tundu lililozibwa kwa udongo wa mfinyanzi, juu unafungwa kwenye kijiti kilicholazwa mdomoni ili ukae katikati na uvutike. Utambi uliokaa upande ndio unaofanya mshumaa ulie ubavu mmoja.

Ipo pia njia ya kuchovya: kopo refu lililojaa nta ya nyuzijoto 70 hivi, unachovya utambi, unatoa, unasubiri upoe, unachovya tena, mara 20 hadi 30 mpaka unene unaoutaka. Mishumaa yake ni mizuri ajabu na haina shimo. Lakini kopo lazima lijae muda wote, kwa hiyo kilo mbili zitakwenda karibu zote kwenye kopo. Na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba, tabaka halipoi haraka, anza alfajiri. Utambi usikae muda mrefu sana ndani ya kopo: sekunde chache kila mara, ukikawia tabaka la zamani linayeyuka.

Umeuliza pembeni kama unaweza kuongeza mafuta ya nazi kupunguza gharama. Kwenye mshumaa wa kusimama, hapana. Mafuta ya nazi ya kwetu ni maji mchana kutwa, yatalegeza nta na mshumaa utainama. Kwenye kopo au bilauri nene, sehemu moja ya mafuta kwa kumi ya nta haina ubaya, na hata nyufa zinapungua. Vifuu vya nazi kama vyombo vya mshumaa ni vizuri kwa macho, na watalii huvipenda, ila sivishauri: kifuu ni kuni nzuri, na mshumaa ukifika chini kinashika. Marashi usitie, yana spiriti. Asumini zilizokaushwa, karafuu, vipande vya udi vilivyobandikwa ubavuni, vyote hivyo vikifikiwa na moto vinakuwa tambi za ziada. Nta ya nyuki ina harufu yake, inatosha.

Sasa biashara. Mshumaa wa kipenyo cha sentimita 2.5 na urefu wa 15 unakula karibu gramu 70 za nta. Kilo mbili safi zinakupa mishumaa 28 hivi. Kabla ya kupanga bei, uliza kwanza nta safi iliyogandishwa kama kipande cha sabuni inauzwaje; mafundi viatu wanaipaka kwenye uzi, maseremala wanang'arishia mbao, na wanaotengeneza mafuta ya ngozi na midomo wanaitafuta. Kama mshumaa haukupi zaidi ya nta ghafi pamoja na utambi, mkaa na siku zako, uza nta. Kwa watu wengi wanaoanza, nasema wazi, kipande cha nta safi ndicho kinacholipa, na mishumaa inafuata wakishajulikana.

Wanunuzi wa mishumaa wapo, ila wako mahali maalumu. Mtaani kwako hushindani na mshumaa wa parafini kwa bei, usijaribu. Hoteli za ufukweni Pangani na Ushongo, wageni wa Lushoto, na makanisa ya Kikatoliki na Kianglikana, ambayo yana desturi ndefu ya nta ya nyuki altareni. Nenda ukamuulize padri anatumia unene gani kabla hujatengeneza. Kwa ya kuuza Lushoto jiandae na swali moja: kule baridi, baada ya wiki kadhaa mshumaa hufanya utando mweupe kama vumbi. Si kuvu. Ni nta yenyewe, na kitambaa laini chenye joto la mkono kinaufuta. Andika hilo kwenye karatasi ya mshumaa.

Na kwenye karatasi hiyo andika uzito, na "nta ya nyuki tupu" kama ni tupu kweli. Usiandike kwamba unasafisha hewa ya chumba. Maneno hayo yamesambaa sana, kwamba mshumaa wa nta unatoa chembe za umeme zinazoangusha vumbi, hayana ushahidi. Kila mshumaa unaowaka unatoa hewa ya ukaa na masizi kiasi, na huu wako ukiwa na utambi sahihi uliokatwa nusu sentimita kabla ya kuwashwa utatoa masizi kidogo. Hiyo ni sifa ya kutosha. Kuhusu vibali na alama ya ubora, pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Tanga wakuelekeze kwa TBS, shirika la viwango, kabla hujachapisha vibandiko vingi.

La mwisho ni la mjomba. Masega anayoyaacha kwenye gunia miezi mitatu akisubiri gari la kuja mjini yanaliwa na viwavi wa nondo wa nta, na kinachokufikia ni utando na vinyesi. Nondo hao hufuata masega yenye mabaki ya majana na chavua. Nta iliyoyeyushwa na kuchujwa hawaihangaikii. Mpelekee gunia moja la katani na sufuria ya alumini, ayeyushe palepale Handeni wiki ileile aliyorina, akuletee sahani za nta badala ya mabonge. Atabeba mzigo mwepesi, nawe utaanzia kwenye uchujaji wa pili.